Tano, Tano, Mbili

Ndege ya asubuhi ilitoka nje ya njia yake saa tano na dakika kumi na nne, Jumanne ya pili ya mwezi wa tatu, ikiwa na abiria kumi na tisa na wafanyakazi watatu. Iliiacha lami upande wa kulia, ikakata ukingo wa theluji, ikavunja mguu wa mbele na kuangukia pua mtaroni. Mimi nilikuwa mita mia mbili kutoka pale, ndani ya gari la kusukuma theluji, na nilijua dakika nne kabla kwamba itatoka. Hapana, niseme sawasawa. Nilijua kwamba itateleza. Kutoka sikutaka itoke.

Naitwa Oddgeir. Nimefanya kazi katika kiwanja cha ndege cha Grimvær miaka ishirini na sita. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na tano, nikaenda kukata vichwa vya samaki kiwandani mpaka kiwanda kilipofungwa, kisha Arnljot, mkuu wa watu wa njia hapa kiwanjani, akanichukua kwa sababu niliweza kuendesha kitu chochote chenye magurudumu. Kisiwa chetu kina watu mia saba. Njia ya ndege ina urefu wa mita mia nane tu, upande wa magharibi inaishia karibu na bahari, upande wa mashariki karibu na kanisa. Zinazokuja ni hizi ndogo za propela mbili, na ndani yake hakuna wageni. Aliyetoka kujifungua, aliyekwenda kung'oa jino, mwalimu, padri, wote unawajua na unajua wamefuata nini mjini.

Kazi yetu majira ya baridi ni theluji. Theluji kavu haina neno. Barafu ngumu ukiimwagia mchanga inavumilika. Adui ni uji. Uji ndiyo theluji iliyoyeyuka nusu, ya kijivu, nzito, iliyojaa maji, na inakuja siku ambazo baridi imepungua kidogo na watu wa kijijini wanafurahi wakidhani hali imekuwa nzuri. Gurudumu linalokwenda kasi likikuta uji haligusi tena lami. Linapanda juu yake na kuelea, na rubani anabaki ameshika usukani usiogeuza kitu. Arnljot alinifundisha kuutambua kwa kisigino. Unakanyaga. Ikishikana chini ya kiatu, hiyo ni theluji mbichi. Ikiruka pembeni na kukulowesha suruali, huo ni uji, na wewe usibishane nao, kapime kina chake.

Kwa kupimia Arnljot alikuwa na kijiti. Alikichonga mwenyewe kwa mti wa mbetula kabla mimi sijaajiriwa, urefu wa kiganja na nusu, chenye alama za milimita zilizochomwa kwa msumari wa moto. Ofisi ilishaleta vipimo vya chuma mara tatu. Vyote viko kabatini. Kijiti hakikugandiwa na maji na hakikudanganya.

Baada ya kupima, njia inagawanywa mafungu matatu na kila fungu linapewa namba. Sita ni pakavu kabisa, tano ni pazuri, mbili ni pabaya, sifuri ndege isije. Na namba zinasomwa kuanzia upande wa magharibi. Siku zote. Upepo utoke utakako, wewe uwe umeanza kupima upande wowote, ukifungua redio unaanza na fungu la magharibi. Mtu wa mnarani ndiye anayezigeuza, kama ndege inatua kutokea mashariki, ili rubani azisikie kwa mpangilio atakaozikuta. Mtu mmoja anageuza, mmoja tu. Wakigeuza wawili, rubani anasomewa njia nyingine kabisa.

Miaka mingi mpimaji nilikuwa mimi. Arnljot alikuwa mkuu, lakini asubuhi alinitupia kijiti na kusema niende, na nikienda haulizi tena. Na kulikuwa na kapteni Guro. Guro amerusha ndege huku kaskazini tangu akiwa msichana, na ana tabia moja ambayo haimo katika kitabu chochote. Akishasomewa namba, anauliza mnarani:

"Nani kapima?"

Tordis wa mnarani anajibu, "Oddgeir."

"Basi safi."

Maneno mawili hayo. Nilikuwa nayasikia kwenye redio nikiwa ndani ya gari, na siku hiyo nzima nilikuwa mtu. Mke wangu alikuwa anajua siku ambazo Guro ameuliza. Anasema nilikuwa nakula vizuri zaidi.

Halafu akaja Eskil, majira mawili ya baridi kabla ya ajali. Alikuwa na miaka thelathini na nne, anatoka kusini, amefanya kazi kwenye kiwanja kikubwa chenye njia mbili, ana vyeti vinavyojaa faili. Nilitaka awe mjinga. Ningemsamehe kila kitu kama angekuwa mjinga. Wiki ya kwanza alitambua kwamba brashi ya gari langu inavuta kushoto, akaingia chini yake na matope yote yale, akairekebisha, akatoka akicheka huku pua ina grisi. Mimi nilikuwa nimeiendesha hivyohivyo miaka minne. Arnljot akasimama pale na kikombe chake cha kahawa, akaniambia, "Umeona, Oddgeir? Macho hayo." Nilisema nimeona.

Akawa ananiita mzee. "Mzee, leo unatupeleka wapi?" "Mzee, hiyo theluji inakuogopa." Sikuwa na miaka hata hamsini na mbili. Ukimsikia huwezi kusema anakudharau, kwa sababu alisema kwa upendo, na hilo ndilo lililonikaba. Nilimwita bosi kabla hajawa bosi, na yeye alidhani ni utani wa kirafiki.

Mwezi wa kumi Arnljot alistaafu. Tulikula keki ya krimu kwenye chumba cha mapumziko, wote saba, na mtu kutoka ofisi kuu akasoma barua. Kwenye barua kulikuwa na jina la mkuu mpya, na jina lilikuwa Eskil. Hilo nililijua. Nafasi ile ilitaka mtihani wa kuandika, na mtihani huo niliukwepa mara mbili, mara ya kwanza nikasingizia mgongo. Nilikuwa nimejiandaa kupiga makofi na nikapiga. Sikuwa nimejiandaa kwa kilichofuata. Arnljot aliingiza mkono mfukoni, akatoa kijiti, akakiangalia kidogo, akapita mbele yangu. Alipita karibu hivi kwamba koti lake liligusa goti langu. Akampa Eskil.

"Kitunze, kijana," alisema. "Hiki hakidanganyi."

Eskil akawa mwekundu mpaka masikioni. Akanitazama mimi, na nilipoona kwamba ananihurumia ndipo chuki ilipoota mizizi.

Baadaye nilimuuliza Arnljot kwa utani, kama mtu asiyejali, mbona kijiti kimeenda kusini. Akasema kijiti ni cha mkuu, si cha mtu. Akasema pia kwamba mimi sikihitaji, ninao wangu kwenye kisigino. Alidhani ananisifu. Nilienda nyumbani nikapasua kuni za wiki mbili.

Toka hapo nilianza kuhesabu. Kwanza Guro. Mara ya kwanza Tordis alipomjibu kwamba kapima Eskil, Guro alinyamaza kidogo, na mimi nikafurahi. Mara ya pili hakunyamaza. Mara ya tatu akasema, "Basi safi." Nikazima redio. Mwezi wa kwanza niliyasikia mara tisa, na mara zote tisa hayakuwa yangu. Kisha ikaja karamu ya chewa.

Kila mwezi wa pili, chewa wanapofika karibu na kisiwa, Arnljot huchemsha samaki, maini na mayai yake kwenye sufuria tatu na kualika watu wawili watatu. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti kilekile, kilichopakana na dirisha, miaka ishirini na mbili. Mwaka huo nilichelewa kidogo, nikaingia na chupa yangu mkononi, nikamkuta Eskil amekaa kwenye kiti cha dirishani, mtoto wake wa kike akiwa magotini, mkewe anamsaidia Arnljot kumenya viazi. Eskil akainuka haraka.

"Samahani, mzee. Hapa ni kwako?"

"Kiti ni kiti," nilisema.

Nilikaa kwenye stuli karibu na jiko. Maini yalikuwa na ladha ya sarafu. Usiku ule Arnljot alisimulia hadithi zetu, zangu na zake, siku gari lilipozama, siku ng'ombe wa padri alipolala katikati ya njia, na alizisimulia akimtazama Eskil, na Eskil akicheka mahali pote panapostahili kuchekwa. Nilikuwa nasikiliza maisha yangu yakigawiwa kama viazi.

Sasa ile Jumanne.

Usiku theluji ilianguka sentimita nne, na alfajiri hewa ikapata joto. Saa mbili asubuhi njia yote ilikuwa ya kijivu. Upande wa magharibi pana mahali tunapaita Bakuli. Mfereji wa chini pale huganda mapema na kuyeyuka mwisho, kwa hiyo maji ya njia nzima yanakuja kukaa hapo. Mtu aliyekaa hapa majira matano hahitaji kijiti kuijua Bakuli. Nilimwambia Eskil tuanze kusafisha huko. Yeye alisema ndege itatua kutokea mashariki, upepo unatoka kusini-magharibi, kwa hiyo tuanze pale magurudumu yatakapogusa, tukipata muda tumalizie Bakuli.

"Muda hautatosha," nilisema.

"Basi tutawaambia ukweli kwamba pana uji, mzee. Guro atajua la kufanya."

Hakuwa amekosea. Ndivyo kitabu kinavyosema, na Arnljot mwenyewe angeweza kusema hivyo. Lakini alilitaja jina la Guro kama vile ni jirani yake. Nilipanda gari nikasafisha fungu la mashariki na la katikati, vizuri kabisa, lami ikabaki na unyevu tu. Nilipofika ukingoni mwa Bakuli muda ulikuwa umekwisha. Mnara uliniambia kwenye redio nitoke, ndege iko karibu na mpimaji anataka kupita.

Nilitoka. Na hapa kuna jambo dogo ambalo halikuandikwa na mtu yeyote. Upande wa magharibi kuna kijia cha pembeni kinachoingia njiani, na mpimaji huanzia hapo siku zote, kwa sababu hapo ndipo namba zinapoanzia. Arnljot alinifundisha hivyo na mimi nilimfundisha Eskil. Unapima kwa mpangilio utakaousoma, mdomo hauna nafasi ya kukosea. Mimi niliegesha gari langu la tani kumi na nane katikati ya kijia hicho. Nafasi nyingine zilikuwepo. Nilimwona anakuja na gari dogo la njano, akanipungia mkono, akangoja. Nikajifanya naangalia brashi. Akangoja tena, akatazama saa yake, akazunguka kwa barabara ya nje mpaka mashariki, akaanza kupimia huko.

Nilimtazama akija. Anasimama, anashuka, anapiga magoti, anachomeka kijiti. Fungu la mashariki. Fungu la katikati. Akafika Bakuli, akakanyaga kwa kisigino, na hata mimi niliuona uji ulivyoruka. Alipima mara tatu mahali patatu. Mtu makini. Akarudi garini, na sauti yake ikaja juu ya kichwa changu, safi, bila mkwaruzo.

"Mnara, hapa ni mpimaji. Tano, tano, mbili. Uji milimita tisa kwenye fungu la tatu."

Alikuwa amesoma kama alivyoendesha.

Nilielewa hapohapo. Haikuchukua hata pumzi moja. Fungu la tatu ni la mashariki, upande wa kanisa, ambako nimetoka kupasafisha mimi mwenyewe. Tordis alikuwa likizo wiki hiyo na mnarani alikaa msichana aliyeazimwa kutoka bara, asiyeijua Bakuli, naye kutoka kule juu anaona rangi moja ya kijivu mwanzo hadi mwisho. Akageuza namba kama anavyotakiwa kugeuza. Nikamsikia anamsomea Guro: mbili, tano, tano. Uji mwanzoni, kisha pazuri, kisha pazuri.

Kipaza sauti changu kinaning'inia kwenye ndoano upande wa kulia wa usukani. Nilikishika. Kidole gumba kilikuwa kwenye kitufe. Ningesema maneno manne: Namba ziko kinyume, mnara. Dakika nne zilikuwepo, na maneno manne hayafiki hata sekunde nne.

Kisha Guro akauliza, "Nani kapima?"

Msichana akasema, "Eskil."

"Basi safi."

Nilikirudisha kipaza sauti kwenye ndoano.

Nimejiuliza mara nyingi nilifikiri nini, na jibu silifichi. Nilifikiri: na iteleze kidogo. Aguse ule uji ambao hakuambiwa, moyo umruke, asimame salama mwisho wa njia, kisha abonyeze redio na aulize tena nani kapima, kwa sauti nyingine. Niliisikia sauti hiyo kichwani. Niliona Eskil akiwa mwekundu mpaka masikioni, safari hii kwa aibu. Niliona kijiti kinarudi. Watu ishirini na wawili walikuwa angani na mimi nilikuwa napanga nani atakaa kwenye kiti gani.

Ndege ikatokea juu ya kanisa. Guro aliyafuata maneno aliyopewa. Kwa kuwa aliambiwa fungu la kwanza ni uji, hakugusa pale, aliivusha ndege chini chini, akagusa mwanzoni mwa fungu la katikati. Breki zilishika vizuri, nikaona pua inainama. Alidhani mbele yake kuna mita mia tano nzuri. Akaingia Bakuli akiwa na kasi ya lori barabarani.

Uji uliinuka pande zote mbili kama mabawa mengine. Kelele ya magurudumu ikakatika, na mtu aliyefanya kazi hii anajua ukimya huo. Pua ikageukia upepo, kushoto, taratibu, lakini mwili wa ndege ukawa unakwenda kulia, kama mlevi anayetazama mlango huku miguu inampeleka ukutani. Aliongeza nguvu ya propela moja kuirudisha. Ikataka kurudi. Kisha gurudumu la kulia likapanda ukingo wa theluji, na yaliyobaki niliyasikia zaidi ya kuyaona.

Nilikuwa wa kwanza kufika. Mafuta hayakuwaka, hilo nashukuru mpaka leo. Mlango ulifunguliwa kutoka ndani na watu wakaanza kushuka, wengine bila koti, mwenye duka akiwa ameshika begi la mtoto asiye wake. Vipande vya propela vilikuwa vimeingia ubavuni mwa ndege kwenye safu ya tatu. Safu hiyo, upande wa kulia, alikuwa amekaa Arnljot. Alikwenda mjini Ijumaa kutolewa mtoto wa jicho. Nilijua. Nilikuwa najua kwamba atarudi wiki hiyo, ila siku sikuuliza, kwa sababu tangu mwezi wa kumi sikuwa namuuliza kitu.

Alikuwa na bandeji kwenye macho yote mawili, la pili wamelifunga lipumzike. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekaa vibaya mapajani. Nilimfungua mkanda.

"Nani huyo?" aliuliza.

"Oddgeir."

"Umekuja." Alipumua kwa shida, mbavu mbili zilikuwa zimevunjika ingawa hatukujua bado. Kisha, bila ukali, kama mtu anayeuliza saa ngapi, akasema, "Nani kapima?"

Niliangalia bandeji yake.

"Eskil," nikasema.

Ilikuwa kweli. Sijawahi kusema uongo mkubwa kama kweli ile.

Wachunguzi wawili walikuja kutoka mji mkuu. Walikaa siku nne, wapole, wanakunywa kahawa nyingi. Waliisikiliza kanda ya mnara na Eskil hakuwasumbua hata nusu saa. Alisema: nilianzia mashariki, nikasoma kama nilivyoendesha, kosa ni langu. Walimuuliza kwa nini alianzia mashariki. Akasema muda ulikuwa mfupi. Gari langu hakulitaja. Sijui kama alisahau au alinisitiri, na sikuwa na uso wa kumuuliza.

Mimi waliniuliza kama nilisikia namba zikisomwa. Nilisema injini ya gari lile inanguruma sana. Wakaandika hivyo.

Jioni hiyohiyo Eskil alinifuata karakana. Macho yalikuwa mekundu, hakulala siku tatu. Nilidhani amejua. Akanishika bega.

"Asante, mzee."

"Ya nini?"

"Wote wananisema. Wewe peke yako hujasema neno."

Mwezi wa tano walimhamisha, wakampa kazi ya kuhesabu mizigo kwenye ghala huko kusini, mbali na njia yoyote ya ndege. Aliondoka kwa feri na mke na mtoto. Kwenye kiti cha gari langu nilikuta kijiti, kimefungwa kwa kitambaa safi. Hakukuwa na barua.

Arnljot alitolewa hospitali wiki sita baadaye, nikaenda kumwona. Macho yalikuwa yamepona, anaona mpaka ng'ambo ya ghuba. Nilikaa kiti cha dirishani, kilikuwa kitupu. Tukazungumza habari za feri, bei ya samaki, mkono wake. Kisha akasema, akitazama nje:

"Ripoti inasema hukusikia kwa sababu ya injini."

"Ndiyo."

"Spika ya pili, ile ya juu ya kichwa. Unakumbuka nani aliifunga?"

"Wewe."

"Kwa nini niliifunga, Oddgeir?"

Aliifunga miaka kumi na moja nyuma ili nisikie redio, kwa sababu mimi nililalamika kwamba injini inanguruma sana. Alingoja jibu kwa muda unaotosha kahawa kupoa, kisha akainuka kwa kujishika meza, akaenda chumbani kulala, saa saba mchana. Nikaosha kikombe changu nikatoka.

Wakanipa ukuu wa zamu kwa muda, kwa sababu hakuna mwingine. Muda huo haujaisha. Napima mimi, naanzia magharibi, kijiti ni changu. Guro alirudi kazini baada ya miezi mitano. Siku ya kwanza kuja Grimvær nilikuwa ndani ya gari dogo la njano, redio wazi. Tordis akamsomea namba. Zilikuwa nzuri, na zilikuwa sahihi.

"Nani kapima?" Guro akauliza.

"Oddgeir."

Nikaongeza sauti ya redio.

"Nitazunguka mara moja nijionee mwenyewe," akasema.

Anazunguka kila mara sasa. Siku hizi hata swali lenyewe haulizi tena.

Hii ndiyo hesabu ya ajali ile. Mguu wa mbele wa ndege, mmoja. Mapanga matano ya propela. Siku sita njia ilifungwa, na ndani ya siku hizo mama mmoja alijifungulia kwenye feri, mtoto yuko hai. Walioumia ni watatu: mwenye duka jino, mhudumu wa ndege goti, Arnljot mbavu mbili na mkono wa kulia. Vidole viwili vya mkono huo havifungi, hawezi kushika kisu cha kuchongea. Nyumba moja kando ya barabara ya kanisa ina mapazia yaleyale ya Eskil na haina mtu. Mwezi wa pili uliopita chewa walikuja wengi kuliko miaka kumi. Arnljot alichemsha sufuria tatu, nikaona moshi kutoka nyumbani kwangu. Miaka ishirini na mitatu nilikula pale. Mwaka huu simu haikulia.